Posa ya Kiti cha Mamlaka ya Maji

Nina habari za nchi moja iitwayo Subirini. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, kwa sababu aliyekuja kuichora alifika wakati wa chakula cha mchana na hakukuta mtu wa kumwonyesha mipaka. Na kama katika kusimulia kwangu kuna atakayeona nchi hiyo inafanana na mahali anapopajua, huyo kaamua mwenyewe, mimi sikumtuma. Mimi ni raia mwema. Naipenda serikali yangu, na nikiona gari lenye bendera nasimama pembeni kwa heshima, hata kama gari lenyewe limepaki.

Basi Subirini tulikuwa na tatizo la ajira. Wajinga walikuwa wakisema kazi hazipo. Waziri wetu wa Ajira na Matayarisho, Mheshimiwa Gaudensi Lutandula, ndiye aliyegundua ukweli: kazi zipo, ila watu wanaziendea hovyohovyo. Aligundua jambo hilo ukumbini, siku aliyomwoza binti yake. Alitazama akaona kila kitu kiko tayari. Kamati ipo, sare zimeshonwa, keki ya ghorofa imesimama, matarumbeta yanalia, mpaka mtu wa kuwafukuza wasioalikwa alikuwapo na alikuwa amevaa tai. Bwana harusi tu ndiye aliyechelewa, lakini kwa jinsi maandalizi yalivyokuwa mazuri, hakuna aliyetambua hadi wakati wa kukata keki.

“Ndugu wananchi,” alisema redioni wiki hiyo, akanyamaza kidogo ili wananchi wapate nafasi ya kujiona ndugu. “Nimetafakari, nimechambua, nimepembua, na nimefika pale mtu anapofika. Tukiolewa tunajiandaa. Tukioa tunajiandaa. Kwa nini kwenye usaili wa kazi mtu aende peke yake, na bahasha kwapani, kama anayekwenda kushtakiwa? Kuanzia leo, usaili ni jambo la watu.”

Ikawa sheria. Anayetaka kazi lazima awe na kamati ya usaili, yenye mwenyekiti, katibu na mtu wa vinywaji. Lazima awe na mshenga wa kumsemea. Lazima afundwe na kungwi aliyesajiliwa. Ofisi nayo, upande wake, iunde kamati ya mapokezi, ipike, ipambe, ipokee wageni kama wanavyopokewa wakwe. Ofisi ikipata ugeni wa usaili, kazi nyingine zote zinasimama, maana huwezi kuwa na wageni sebuleni halafu wewe uko chumbani unapiga mihuri.

Mwaka ule hakuna aliyeajiriwa Subirini, lakini hakuna aliyekaa bure. Mimi mwenyewe nilikuwa katibu wa kamati kadhaa, na nilinenepa.

*

Sasa njooni kwa Mwajabu Likwati, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Mwajabu alikuwa na diploma ya kazi za ofisi. Aliitundika sebuleni siku aliyoipata, na miaka ilivyopita jua la dirishani likaipausha, ikabaki picha yake amevaa joho na maandishi ya kukisia. Alikuwa mtu wa kucheka, lakini siku hizo kicheko kilikuwa kimepungua, na sababu aliijua kila mtu mtaani.

Sheria ya Subirini inasema serikali haimwajiri aliyefikisha miaka thelathini na tano. Si ukatili. Serikali huamini kwamba mtu akifika umri huo huwa ameshazoea kukosa kazi, na si utu kumvurugia mtu mazoea yake. Mwajabu alikuwa na thelathini na nne na miezi. Asipopata kazi kabla ya siku yake ya kuzaliwa, basi tena, milango yote ya serikali inafungwa, na Subirini milango isiyo ya serikali ni ya vyoo vya stendi.

“Sitaki cheo,” aliniambia siku moja akianua nguo. “Nataka asubuhi nitoke nyumbani watu waniulize naenda wapi, nami niwe na la kujibu.”

Nafasi ilikuwa moja tu, ya mpokea simu wa Mamlaka ya Maji, na ilikuwa wazi tangu aliyekuwapo, Mzee Shomvi, alipostaafu. Mkurugenzi wa Mamlaka, Bwana Faraji Mtingwa, hakuwa na haraka nayo. Tangu Mzee Shomvi aondoke, simu za malalamiko zililia tu bila kupokewa, na kwa kuwa lalamiko lisilopokewa halijafika, malalamiko ya maji nchini yalishuka hadi sifuri. Mheshimiwa Waziri alimvisha Bwana Mtingwa nishani uwanjani. Tulipiga makofi sote, tena wengine tulikuwa hatujaoga siku nyingi.

*

Kungwi wa Mwajabu alikuwa shangazi yake, Mwanvua, mwanamke wa maneno machache na makofi mengi. Alimweka ndani, akamfunga kanga kichwani, akaanza kumfunda.

“Wakikuuliza udhaifu wako?”

“Nitasema ukweli, shangazi. Mimi mvivu wa kuamka mapema.”

Shangazi Mwanvua alimfinya. “Udhaifu wako ni kwamba unafanya kazi mpaka unasahau kula. Hilo ndilo jibu la taifa.”

Na kweli ndilo jibu la taifa. Kila mwombaji Subirini hulitoa, mpaka Wizara ya Afya ikapata wasiwasi na kutuma uji kwenye kumbi zote za usaili.

“Wakikuuliza unajiona wapi baada ya miaka mitano?”

“Inategemea foleni.”

Alifinywa tena. Alifundishwa kuingia kwa mguu wa kulia, kukaa nusu ya kiti, kucheka pale tu mwenye kiti kikubwa anapocheka, na kusema “kwa kushirikiana na wenzangu” hata kama ameulizwa jina la baba yake. Na kwa kuwa tangazo lilitaka uzoefu wa miaka kumi wa kupokea simu, alipelekwa Chuo cha Uzoefu, ambako walimpa simu ya mbao. Alikaa nayo miezi, akiinua mkono wa simu na kusema “Mamlaka ya Maji, habari za mchana,” na simu haimjibu. Wenzake waliona upuuzi. Yeye aliniambia anaipenda, kwa sababu hiyo simu ya mbao ndiyo bosi wa kwanza ambaye hakumwambia arudi kesho.

Lakini kuna jambo moja Mwajabu alilifanya kwa siri, nalo lilitia aibu ukoo. Alikwenda kuangalia Mamlaka inafanya kazi gani. Alizunguka mitaani akauliza maji yanatoka wapi, yanapita wapi, yanakwama wapi, na kwenye tangi kuu akamkuta fundi wa koki akamuuliza koki ipi ni ya mtaa upi. Shangazi Mwanvua alipopata habari alitaka kuzimia.

“Unakwenda kuchungulia jikoni kwa watu kabla hujaposa?” alisema. “Wakisikia watasema hatukukulea.”

*

Mshenga wetu alikuwa Mzee Kitwana, dalali mstaafu wa mnada wa fanicha. Hakuna kitu asichoweza kukisifia. Ndiye aliyeipeleka barua ya maombi, imefungwa ndani ya leso nyeupe na kunyunyizwa marashi. Mamlaka wakajibu kama wakwe wanavyojibu: barua tumeiona, tupeni nafasi tukae kama ukoo.

Ukoo wa Mamlaka ukakaa. Ulikaa mpaka Mwajabu akaanza kuogopa kupita mbele ya kalenda. Mara mjomba wa upande wao, yaani Mhasibu Mkuu, yuko safarini. Mara wamekubaliana lakini hawajakubaliana wamekubaliana nini. Mwishowe jibu likaja: wageni mnakaribishwa. Siku waliyoipanga ilikuwa ya mwisho kabisa. Kesho yake Mwajabu anatimiza thelathini na tano. Ofisi za Subirini hufungwa saa tisa na nusu mchana, kwa hiyo kama hadi saa tisa na nusu ya siku ile hajasaini, habari yake imekwisha.

“Wametupa siku nzuri,” alisema Mzee Kitwana. “Mwezi umejaa.”

Mwajabu aliingia ndani, nikamsikia kupitia ukutani akilia kidogo, halafu akipiga pasi.

*

Tulitoka asubuhi tukiwa tumependeza. Kina mama sare ya zambarau, kina baba suti za kijivu, matarumbeta mbele, magari yamewasha taa za pembeni. Mamlaka ya Maji nao walikuwa wametupokea kwa heshima zote. Ofisi imefungwa, wafanyakazi wote wa ofisini wako kwenye turubai, pilau inanukia mpaka barabarani. Maji ya kupikia walikuwa wamenunua kwa mtu wa mkokoteni.

Kwa mila ya usaili, mwombaji haingii ukumbini. Amewekwa mshenga wa nini kama atasema mwenyewe? Mwajabu aliketishwa kwenye mkeka koridoni, kanga usoni, na mimi katibu nikawekwa karibu naye ili asitoroke. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi, hivyo tuliyaona yote.

Upande wa Mamlaka alisimama Mama Eutropia, Ofisa Utumishi, mwanamke aliyezijua kanuni zote kwa moyo na kuzipenda kuliko watu. Mzee Kitwana akakohoa, akaanza.

“Jamani, sisi ni wapita njia. Tumepita hapa kwenu, jicho halina pazia, tukaona kiti. Kizuri, kimetulia, hakina mtu. Tukasema, kiti kama kile kikikaa peke yake kitaota kutu. Sisi tuna binti. Mgongo wake umenyooka, hajawahi kutengenezwa wala kupakwa rangi upya, miguu yote minne imara...”

“Anafanya kama yuko mnadani,” Mwajabu alininong’oneza kutoka ndani ya kanga.

“Nyamaza, anakusifia.”

“Viti hapa kwetu ni vingi,” Mama Eutropia akajibu. “Mlikiona kipi?”

Hapo ndipo utamu wa usaili wa Subirini ulipo. Wakaingiza viti vinne, vimefunikwa kanga gubigubi, na Mzee Kitwana akatakiwa akitambue cha kwake. Akizitazama kanga, alitabasamu. Yeye na fanicha tena? Alivizunguka taratibu, akakigonga kimoja, akakibonyeza kingine, akafika kwenye cha tatu akakikalia kidogo, akafumba macho.

“Hiki,” akasema. “Hiki ndicho tulichokiona. Tunakiposa mbele ya wazee.”

Kanga ikavutwa. Kilikuwa cha ngozi nyeusi, kina magurudumu, na nyuma yake kimeshonewa nembo ya taifa. Kilikuwa kiti cha Mkurugenzi.

Matarumbeta yakakatika. Bwana Mtingwa alisimama polepole, na nishani yake ikasimama naye.

“Mnaposa kiti changu,” aliuliza, “na mimi mwenyewe nipo hai?”

Ikawa kizaazaa. Posa ikishatamkwa mbele ya wazee Subirini haifutiki kwa kusema samahani. Lazima wazee wa pande zote wajitenge, waulizane nani alilea nani, kisha itozwe faini ya beberu mweupe asiye na doa. Wajumbe wakatoka mbio kumtafuta beberu. Waliobaki wakaanza kuulizana nani alilea nani. Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda saa nane, na jina la Mwajabu lilikuwa halijatajwa hata mara moja.

*

Nyuma yetu koridoni kulikuwa na chumba kidogo, mlango umerudishiwa. Ndani yake simu ikalia. Ikakatika. Ikalia tena. Ilipolia mara nyingine Mwajabu alianza kutikisa goti.

“Hakuna wa kuipokea?” akaniuliza.

“Nafasi iko wazi, Mwajabu. Ndiyo tumekuja kuiposa.”

“Lakini inalia.”

Nilimwambia atulie. Nilimwambia mchumba haingii jikoni. Nafsi yangu iko safi. Lakini mtu aliyekaa miezi na simu ya mbao huwezi kumweka karibu na simu inayolia ukategemea atulie. Alifunua kanga, akaingia, akainua mkono wa simu, na kwa sauti ile ile ya chuoni akasema, “Mamlaka ya Maji, habari za mchana.”

Simu ile ilikuwa ya zamani, unaisikia mpaka nje.

“Nani huyo?” ikauliza sauti ya mama mtu mzima, imejaa hofu.

“Ni Mamlaka ya Maji, mama. Karibu.”

“Nisamehe mwanangu. Sikujua kama kuna mtu.”

“Yupo. Una shida gani?”

“Shida?” Mama akafikiri. “Ngoja kwanza. Mimi napigaga tu kila nikimaliza kufagia, nishazoea. Huwa inanituliza. Shida... ndiyo, nimekumbuka. Huku Bondeni hatuna maji.”

Mwajabu alichungulia dirishani. Chini, kwenye ngazi za tangi kuu lililo uani mwa ofisi, aliketi fundi wa koki, Bwana Makwaya, spana mkononi, kama alivyoketi kila siku tangu Mzee Shomvi astaafu.

“Bwana Makwaya, shikamoo. Mbona Bondeni pamefungwa?”

“Marahaba. Pamefungwa kwa sababu sijaambiwa nifungue.”

“Fungua.”

“Nani anasema?”

“Mimi.”

“Wa ofisi gani?”

“Hii hii ninamochungulia.”

Bwana Makwaya akaridhika. Subirini mtu anayekuchungulia kutoka dirishani huwa ni ofisa. “Nilikuwa nangoja hilo tu,” akasema, akainuka, magoti yakalia, akafungua.

Maji yakaenda Bondeni. Watu wakashtuka. Wengine walifunga milango, wengine wakatoa watoto nje wakaone, na mzee mmoja akapiga simu kwa hasira kulalamika kwamba maji yanatoka bila taarifa. Habari ikapita mitaani kwamba simu ya Mamlaka inapokewa, na mtu anayeipokea anasema karibu. Basi ikawa ukiweka mkono wa simu chini inalia tena. Mwajabu anapokea, anachungulia, anasema, Bwana Makwaya anafungua. Anafunga hapa, anafungua pale. Watu wanashukuru, wanatukana, wanaulizia jina lake. Nilimwona uso. Tangu nimfahamu sijamwona vile. Alikuwa na furaha, furaha yenyewe hasa, na mimi nilifurahi kwa kumwona hadi nikasahau kuandika kumbukumbu za kikao.

Halafu ikaja simu nyingine.

“Mamlaka ya Maji, habari za mchana. Una malalamiko gani?”

“Sina malalamiko,” ikasema sauti nzito. “Mimi ni Waziri. Huwa napiga kila wiki nihakikishe haipokewi. Kwa nini umepokea?”

“Imelia, Mheshimiwa.”

“Niitie Mkurugenzi,” akasema.

*

Bwana Mtingwa aliipokea simu amesimama, akaiweka chini ameketi. Sifuri yake ilikuwa imekufa. Nchi nzima ilikuwa na malalamiko, na yote yalikuwa yamefika. Koridoni walijaa watu wa pande zote mbili, sare za zambarau hapa, suti za kijivu pale, na mbele yao Mwajabu, kanga imemwangukia mabegani.

“Nimeharibu,” aliniambia kwa sauti ndogo. “Miaka yote hii, nimekuja kuharibu siku ya mwisho.”

Shangazi Mwanvua alishika kichwa. “Aliniponyoka,” alikuwa akiwaambia watu. “Mimi nilimfunda. Muulizeni kama nilimwambia afanye kazi.”

“Mama Eutropia,” alinguruma Bwana Mtingwa, “mpe huyu karipio. Karipio kali, la daraja la kwanza. Amepokea malalamiko bila kibali.”

Mama Eutropia alifumba macho kutafuta kanuni. “Haiwezekani, mkuu. Karipio hutolewa kwa mtumishi. Huyu si mtumishi.”

“Mfukuze, basi.”

“Hafukuziki, mkuu. Hajaajiriwa.”

“Waiteni polisi.”

“Polisi watauliza nani analalamika. Ukilalamika wewe, mkuu, yatakuwa malalamiko ya Mamlaka dhidi ya Mamlaka, na itabidi yapokewe. Na anayepokea ni yeye.”

Bwana Mtingwa alifuta jasho kwa leso ile iliyofungiwa barua ya posa, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. “Unaniambia mtu anaweza kuingia ofisini kwangu akafanya kazi mchana kutwa, na mimi Mkurugenzi sina la kumfanya?”

“Kwa sasa huna, mkuu. Angekuwa mtumishi ungekuwa nalo.”

“Basi mwajiri.”

“Usaili haujaisha. Beberu hajapatikana.”

“Hakuna kanuni ya dharura?”

“Ipo,” alisema Mama Eutropia, na macho yake yakang’aa, maana tangu aajiriwe hakuwahi kuitumia. “Inaruhusu kuajiri bila usaili panapotokea mafuriko, vita, au aibu ya Mkurugenzi.”

“Na hii ni ipi?”

“Ya tatu, mkuu.”

Saa ilikuwa inakaribia tisa na nusu. Watu tukasukumana kutafuta karatasi, kalamu, muhuri. Muhuri ulikutwa jikoni umeegemezwa kwenye sufuria. Mwajabu aliambiwa asaini hapa na hapa, akasaini, na Bwana Mtingwa alikuwa anamalizia mkia wa sahihi yake kengele ya kufunga ofisi ilipolia. Mama Eutropia aliitazama saini, akaitazama saa, akatikisa kichwa kukubali.

“Sasa karipio,” alisema Bwana Mtingwa, akajinyoosha, akasoma kwa sauti ya uwanjani. “Mtumishi Mwajabu Likwati. Katika siku yako ya kwanza na ya pekee ya utumishi, ambayo imedumu dakika moja, unakaripiwa vikali kwa kosa la kufanya kazi. Usirudie.”

“Nimekosa, mkuu,” alisema Mwajabu, na machozi yakamshuka, na alikuwa anacheka.

Sisi wa zambarau na kijivu tulichelewa kidogo kuelewa. Mzee Kitwana ndiye aliyewahi. “Jamani,” akasema, “mtoto wetu amekaripiwa.” Hapo vigelegele vikapasua paa. Shangazi Mwanvua alimkumbatia Mwajabu akamfinya kwa mazoea. Kina mama wa Mamlaka wakaleta pilau. Ilikuwa siku nzuri, sitaisahau.

*

Bwana Mtingwa alitaka amfukuze papo hapo, lakini Mama Eutropia akamkumbusha kwamba amri ya Mheshimiwa Waziri ya maandalizi haibagui. Anayefukuza naye lazima ajiandae. Aunde kamati ya kufukuza, atafute mshenga, afundwe namna ya kusema, kisha aje kwa ukoo wa mfukuzwa na wazee wake. Kamati ilikwisha kuundwa. Ilikwama kwenye rangi ya sare.

Kesho yake, ametimiza thelathini na tano, Mwajabu aliamka mapema, jambo ambalo ni udhaifu wake, akatoka nje. Nilikuwa nimemngoja mlangoni kwangu makusudi.

“Unaenda wapi, jirani?”

“Naenda kurudia kosa,” akasema.

Mheshimiwa Lutandula naye hakukasirika muda mrefu. Alipoambiwa kwamba Subirini sasa ina mtu mmoja aliyeajiriwa, alihutubia taifa akasema matunda ya maandalizi yameanza kuonekana, na akajivisha nishani, kwa kuwa hakukuwa na mkubwa wake jirani.

Vijana wetu, lakini, walielewa vingine. Siku hizi ofisi zikiwa kwenye turubai na wageni, wao wanaingia kimya kimya kwa mlango wa nyuma. Mmoja anapokea simu, mwingine anapanga mafaili, mwingine anawaandikia wagonjwa dawa na kuwafundisha watoto hesabu. Hawana mshahara wala kiti chao wenyewe, na kuna ambao wamefanya hivyo miaka bila bosi hata kuwakasirikia. Wanaitwa wanaojitolea, na bila wao nchi ingekuwa imefungwa zamani. Kwa hiyo ukifika Subirini ukaenda ofisi yoyote, ukakuta mtu yupo mezani, anakusikiliza, anakuhudumia, jua huyo hajaajiriwa. Zungumza naye vizuri, na ukiondoka mtakie heri, huenda leo ndiyo siku atakayokaripiwa.